Fimbo Niliyoificha Gerejini

Papa Bahati,

Barua huanza kwa kuulizia hali. Ya kwako naijua, nilikuwepo walipokufukia. Mwezi wa nne ardhi ya huku ilikuwa bado ngumu, wakaleta mashine ya kuchimbia, na mkanda wa ile mashine ulikuwa unalia vibaya: upande wa kulia, gurudumu la nyuma, beringi imekwisha. Nilisimama kati ya akina mama wa kwaya nimeshika ua, na badala ya kukuombea nikawa nasikiliza mkanda. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, kwa hiyo lawama nyingine ubebe mwenyewe.

Nakuandikia kutoka gerejini, hapa mjini Savage, kwenye ile meza yako yenye mguu mmoja mfupi. Sijaitengeneza. Nje malori ya chumvi ya kuyeyushia barafu yanapita kuelekea mtoni, na juu ya stendi kuna pikipiki ya theluji ya mzungu mmoja wa Burnsville. Analalamika kwamba ule mkanda wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma unapiga kelele mpaka mkewe hataki tena kupanda nyuma. Wote wanakuja na neno hilohilo, kelele. Ya injini hawailalamikii, hiyo wanaipenda, wanaona ndiyo nguvu yenyewe. Ya mkanda ndiyo inayowakera, kwa sababu hawajui inatoka wapi.

Nitakupa habari kwanza, halafu nitakuambia nilichofanya. Nikianza na nilichofanya sitafika mbali.

Mama Bahati amehama mtaa wetu wa Phillips. Anakaa kwa Bahati huko Roseville, ghorofa ya pili, karibu na lile duka kubwa, na anasema majirani hawajui hata jina lake. Bahati bado anajibu kwa Kiingereza hata mchungaji akimsalimia kwa Kiswahili. Kompresa yako ilikufa miezi michache baada yako, nikaizika bila ibada. Jina lako bado liko juu ya mlango kwa sababu ngazi ni fupi, si kwa sababu ya heshima. Funguo ninazo mimi tangu uache kuja. Wateja wananiita bosi, na mara ya kwanza nilipoitwa hivyo nilitazama pembeni, nikidhani umeingia.

Kanisani wanakuita Fundi Kiziwi. Sikutukani, nakupa habari. Watoto wa shule ya Jumapili wana mchezo wao: mmoja anazungusha kiti na kunguruma kwa mdomo, mwingine anaweka mkono sikioni na kusema, "Voilà, iko kimya," na wengine wanaanguka chini kwa kucheka. Nimesimama mlangoni nikiutazama mchezo huo zaidi ya mara moja bila kuukataza. Siku moja nilicheka nao.

Unakumbuka ulivyonichukua. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi Kigoma miaka miwili tu kabla ya hapo, nafanya usafi wa vyumba vya hoteli, mgongo unauma kuliko wa bibi yangu. Ukasimama kanisani wakati wa matangazo ukasema unatafuta mtu mwenye mikono ya nguvu na maneno machache. Nikanyoosha mkono. Wanaume wakacheka. Wewe hukucheka, ulinikagua tu toka miguuni mpaka kichwani, ukasema, "Mwanamke? Bon. Tutaona." Nilidhani hiyo ni huruma. Ilinichukua wiki moja kugundua kwamba huruma hukuwa nayo hata ya kuwapa panya.

Siku ya kwanza ulinifunga macho kwa tambara la grisi. Ukainua nyuma ya pikipiki kwenye stendi, ukauzungusha mkanda, ukanipa fimbo. Ulikuwa mpini wa ufagio uliokatwa, ncha moja umeivisha kofia ya chuma. Ncha ya chuma niiweke kwenye ekseli ya kila gurudumu dogo lililo ndani ya mkanda, ncha ya mti niiweke sikioni, niseme lipi linalia. Nikikosea ulininyang'anya fimbo ukanigonga nayo kisogoni. Hukugonga kwa nguvu ya kuumiza. Uligonga ili nijue nimekosea mbele ya mtu. Kisha ulisema, "Weye Sifa, masikio yako ni ya kuvalia hereni tu."

Nilijifunza, hilo siwezi kukunyima. Mkanda ukilegea unapiga bati la juu na kuruka meno ya gia inayouzungusha. Ukikazwa kupita kiasi unalia kwa sauti nyembamba na kula nguvu ya injini. Vile vibao vya plastiki ambavyo mkanda unateleza juu yake vikikosa theluji ya kuvilainisha vinakwaruza mpaka meno ya mtu yanakufa ganzi. Na beringi ya gurudumu ikiisha inanguruma chinichini, imejificha ndani ya kelele nyingine zote, ndiyo maana mafundi wengi wanabadilisha kila kitu isipokuwa hiyo. Mwaka wa pili nilikuwa sikosei tena. Wewe hukuwahi kusema kwamba sikosei. Kila mteja alipoingia ulinionyesha kwa kidole ukasema, "Huyu ni mikono. Masikio ni mimi."

Ningekusamehe kugongwa. Hiyo kauli ndiyo nilishindwa kuimeza, na uliirudia kwa miaka minne.

Mwaka wa nne nikaanza kuona mambo. Nikikuita kutoka nyuma huitiki. Simu yako inalia mfukoni na wewe unaendelea kukaza boliti. Siku moja nikachukua ile spana kubwa kuliko zote, nikasimama hatua mbili nyuma yako, nikaiachia kwenye sakafu ya saruji. Ulikuwa unafunga gurudumu na hukutikisika hata bega. Kesho yake nikaiachia tena nipate uhakika.

Nilifurahi, Papa Bahati. Nisikufiche. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba ndani ya gari.

Tangu hapo kila asubuhi nilipokuta umeinama, nilisimama nyuma yako na kukusalimia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umeamkaje, mzee wa roho mbaya?" "Leo utamgonga nani, kichwa cha sufuria?" Ulipogeuka ulinikuta nafagia. Ulisema, "Mbona unacheka?" nikasema, "Nimekumbuka kitu." Hiyo ilikuwa chai yangu ya asubuhi, na nilikunywa karibu mwaka mzima.

Kitu kimoja tu kilinisumbua: majibu ulikuwa bado unayapata. Mteja analeta pikipiki inayolia, wewe unaiinua, halafu unaniambia, "Sifa, nenda lete kahawa." Daima kahawa, hata kama kikombe chako kimejaa. Nikirudi unanitazama usoni, unasema, "Gurudumu la pili, kushoto." Na kweli ni la pili, kushoto. Kiziwi anajuaje? Nilijiuliza miezi mingi, mwisho nikapata jibu lililonipendeza. Niliamini unaniacha niingie wakati mkanda bado unazunguka, unatazama macho yangu yanaenda wapi, unajua nimesikia nini. Niliamini unaiba usoni mwangu halafu unasema masikio ni wewe. Ile fimbo nikaiona kama fimbo ya mganga, ya kutishia wateja.

Ndipo Mwangi akaja.

Unamkumbuka Mwangi, yule nesi Mkenya wa Roseville, Mwafrika pekee tuliyemjua aliyenunua pikipiki ya theluji kwa hiari yake. Wenzake walimwita mzungu mpaka akazoea. Alikuwa anatoka na pikipiki nyumbani kwake kuelekea ziwani, na jirani mmoja akamwachia barua mlangoni kuhusu kelele. Barua ile ilimuuma sana. Alisema, "Mzee, mimi nataka ni-ride nikipita hata mbwa asiamke." Wewe ukamwambia aje Jumamosi, utamrudishia kitu kimya.

Ulipotoka kula nikaizungusha mwenyewe. Mkanda ulikuwa umelegea, na beringi ya nyuma kulia ilikuwa imekwisha. Jumatano nikakuambia. Ulikuwa umeinamia sanduku la vifaa, umenipa mgongo, nami nikasema, "Papa Bahati, ni beringi ya nyuma kulia, na mkanda umelegea." Hukujibu. Alhamisi ukabadilisha vibao vya plastiki, ambavyo kweli vilikuwa vimelika, na hukugusa kingine; ulisema ukaguzi wa mwisho ni Jumamosi asubuhi.

Nilijua husikii mtu akisema mgongoni pako, unategemea kuona midomo. Nilijua kuliko mtu yeyote, nilishaangusha spana mara mbili. Kati yangu na mbele yako zilikuwa hatua nne. Sikuzipiga. Nilisema moyoni nimeshamwambia, na nikaanza kukusanya hasira juu ya hilo, kwamba nimesema na umenidharau.

Ijumaa ulipoondoka nikachukua fimbo yako kwenye kona yake, nikapanda juu ya pipa, nikaisukuma kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya mikanda mikuukuu. Nilitaka nione mganga asiye na fimbo.

Jumamosi ulikuja mapema. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ile kona. Ukatazama chini ya meza, nyuma ya kompresa, ukatoka mpaka kwenye gari lako, ukarudi ukatazama tena palepale ulipotazama mwanzo. Ukaniuliza, "Sifa, fimbo yangu iko wapi?" Nikasema, "Sijaiona." Nilikuwa nakunywa chai. Ukatafuta tena. Mikono yako ilikuwa inakwenda haraka kuliko kawaida, na mimi nilikuwa nahesabu dakika kabla ya Mwangi kufika.

Alifika na wenzake watatu, na wanaume wawili wa kanisa letu waliopewa lifti ili waone gereji. Simu zilikuwa tayari mikononi. Mwangi akasema, "Haya mzee, onyesha maajabu." Hukuwa na namna. Ukawasha.

Mkanda ulinguruma mpaka makopo ya misumari yakatembea kwenye rafu. Uliweka kiganja juu ya bati, lakini pale kila kitu kilikuwa kinatetemeka pamoja, injini na mkanda na bati lenyewe. Ukaondoa mkono. Ndipo ukanitazama. Kwa miaka mitano ulikuwa umenitazama kama mtu anavyotazama jeki. Siku hiyo ulinitazama kama mtu anayeuliza njia.

Nikatabasamu. Nikatikisa kichwa taratibu: ndiyo, ndiyo, safi.

Ukawageukia ukasema, "Voilà. Iko kimya."

Kwanza hakuna aliyecheka, walidhani unatania. Mwangi akasema, "Mzee, zii. Hiyo kitu bado inapiga nduru." Wewe ukamwitikia kwa kichwa, ukadhani anakushukuru. Hapo ndipo mmoja wao alipopasuka, na wengine wakafuata, na mzee wa kanisa mmoja akageukia ukuta mabega yakimruka. Kicheko hukukisikia. Uliona midomo. Ukatazama mmoja mmoja, mwisho ukarudi kwangu, na tabasamu langu lilikuwa bado lipo, sikuwa nimepata muda wa kulitoa.

Ukasema, "Sifa, zima."

Ukavua glovu, ukaziweka juu ya kiti cha pikipiki, moja juu ya mwenzake. Ukatoka bila koti, kwenye baridi ile ya kugandisha vinyweleo vya pua. Tulisikia gari likiwaka, na likakaa pale linanguruma muda mrefu kabla ya kuondoka.

Unataka kujua nilifanya nini? Nilifanya kazi. Mbele yao wote nilifungua gurudumu la nyuma kulia, nikatoa beringi, nikamwekea Mwangi mkononi aizungushe mwenyewe asikie ilivyojaa kutu. Nikaweka mpya. Nikachukua ule mfuko wako wa unga wa ratili kumi, nikauning'iniza katikati ya mkanda kama ulivyonifundisha, nikapima kwa vidole mkanda umeshuka kiasi gani, nikakaza boliti za nyuma, kushoto nusu mzunguko, kulia nusu mzunguko, nikapima tena. Nikabandika mpira mnene chini ya bati kwa ziada. Nilipowasha, mkanda ulipita kama maji kwenye bomba. Wakapiga makofi. Mwangi akasema, "Kumbe fundi ni wewe, sister." Nilisubiri miaka mitano kusikia hivyo, na niliposikia nilijisikia vizuri kweli, siwezi kusema vinginevyo.

Video ilifika kanisani kabla yangu. Kufikia Jumapili ilikuwa kwenye kila simu Phillips, wewe na neno lako, na vicheko, na watu wameongeza muziki. Mimi sionekani. Aliyekuwa anarekodi alisimama upande wangu.

Hukurudi gerejini. Jumatatu Bahati alikuja peke yake akasimama mlangoni, hakuvua hata kofia, akasema, "My dad's not feeling well. You have the keys, right?" Nikasema ninazo. Zikapita Januari, Februari, Machi. Kila Jumapili nilipita chini ya dirisha lenu nikienda kanisani na sikupanda zile ngazi. Niliambiwa moyo wako umechoka, nikasema pole, kama tunavyosema kwa mtu aliyepatwa na mafua. Halafu ukafa, na wakaniomba niseme maneno machache kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wako. Nikasema ulikuwa mchapakazi. Nikasema ulinifundisha kila kitu. Watu wakaitikia amina, na sauti yangu haikutetemeka.

Novemba hii paa lilivuja juu ya ile rafu. Ikabidi nishushe mikanda mikuukuu yote, na fimbo ikashuka nayo, ikaniangukia begani. Nikaiokota niitupe nje. Ndipo nikaona ile ncha ya mti.

Imeng'atwa. Si na panya. Juu na chini kuna mistari ya meno ya mtu, mengi, moja juu ya jingine, mti umelika mpaka umekuwa mwembamba. Na katikati ya mstari wa juu kuna nafasi isiyo na alama, upana wa jino moja. Hakuna mwingine niliyemjua mwenye pengo hapo. Hukuwahi kutuambia jino lile lilikwenda wapi, ulisema tu lilibaki njiani baada ya Bukavu.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Kisha nikainua pikipiki iliyokuwepo, nikauzungusha mkanda, nikaziba masikio kwa pamba na juu yake nikavaa vizibo vya kazi. Nikaweka ncha ya chuma kwenye ekseli, na ncha ya mti nikaing'ata. Gurudumu zima linapita laini. Gurudumu bovu unalipata kwenye taya, kama kung'ata mchanga kwenye wali. La pili, kushoto. Nilitoa vizibo nikahakikisha. Lilikuwa la pili, kushoto.

Hukuniibia kitu. Kahawa ilikuwa ya kuniondoa nisikuone umeng'ata ufagio kama mbwa. Kila jibu ulilotoa miaka ile lilitoka mdomoni mwako mwenyewe, na ile Jumamosi asubuhi ungeipata beringi ya Mwangi ndani ya dakika moja kama ungekuwa na fimbo. Siku pekee uliyoutegemea uso wangu ni siku niliyokuachia uso peke yake.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilikuwa na kazi nyingi, msimu umeanza. Usidhani sikula wala sikulala, nilikula na nikalala. Lakini kila nikiinua pikipiki mdomo unanijaa mate, na jana nikaendesha mpaka Roseville.

Mama Bahati alikuwa anakunja nguo za wajukuu. Sikukaa. Nilimwambia yote: rafu, chai, tabasamu. Alikunja suruali ndogo, akaiweka juu ya nyingine, akasema, "Alijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Alijua siku ileile. Aliingia akaniambia, Sifa ameficha fimbo yangu. Mimi nikasema nitamupigia simu sasa hivi, nimutukane. Akakataa. Akasema, ataileta mwenyewe, muache. Kila siku ya posho alivaa viatu asubuhi akakaa karibu na mlango. Hasikii ukibisha, donc alikaa karibu, aweke mkono ku mlango. Ikifika saa sita anavua. Hivyo mpaka alipoenda hospitali."

Siku ya posho ya kwenu ndiyo Jumamosi ya kwetu. Jumamosi hizo zote nilikuwa hapa, ninawasha redio.

Nikaanza kulia. Mama Bahati akavuta kapu la nguo upande wake akasema, "Usinililie juu ya nguo, nimekausha sasa hivi." Kisha akasema Jumapili ijayo ndiyo ibada yako ya kumbukumbu, na mchungaji ameshaniweka kwenye orodha ya wanaosema, basi niseme. Mbele ya wale waliocheka. Na nikimaliza, funguo za gereji na fimbo nimpelekee yeye kwenye benchi la mbele, watu wakiona. Bahati atampangisha mtu mwingine. Nikasema sawa, Mama. Hakunisindikiza mpaka mlangoni.

Kwa hiyo nimebaki na siku sita. Kazi yote niliyo nayo ni hii ya kwako, na hoteli bado zina vyumba vya kusafisha. Nimempigia Mwangi aje na wale wenzake wote, akasema, "Sawa sister, kwani kuna nini?" Nikamwambia alete simu, arekodi, na safari hii asimame upande wa pili ili mimi nionekane. Hakuelewa, lakini atakuja.

Nimeitumia fimbo kikazi mara moja ya mwisho, kwa hii ya Burnsville. Sikung'ata mahali pako. Niligeuza upande, nikaumia ufizi. Ni mkanda tu umekazwa mno na mtu asiye na subira, beringi zote nzima. Nimeulegeza nusu mzunguko kila upande. Mke wa mzungu atapanda nyuma.

Nakuahidi mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wangu. Nitasema jina la kila kitu, sitasema "kulitokea kutoelewana" kama wanavyosema watu wa kanisa. Na wale watoto wa kiti nitawaketisha mstari wa mbele, niwang'atishe fimbo mmoja mmoja wakiwa wameziba masikio, ncha ya chuma ikiwa kwenye gurudumu bovu ninalozungusha, mpaka kila mmoja aniambie amesikia nini.

Msamaha sikuombi. Ulikuwa nao tayari, umeukalia na viatu mguuni majira yote ya baridi, na mimi sikuja kuuchukua. Ulikuwa mtu mbaya kwangu, Papa Bahati, na bado naona hivyo. Nilikushinda kwa ubaya kwa sababu ulinifundisha kazi vizuri.

Pumzika sasa. Hata barua hii nimekuandikia nikiwa mgongoni pako, kama zile asubuhi, najua huwezi kugeuka. Jumapili nitasimama mbele. Nitafungua mdomo vizuri na kusema polepole, kama ambavyo ningekuambia ile Jumatano kama ningezipiga zile hatua nne.

Ni beringi ya nyuma kulia, Papa Bahati, na mkanda umelegea.

Sifa